Simba wa Tsavo mnawajua, wa Rufiji je?

Leo sina stori za bweni wala za foleni ya kafteria. Nina jambo la historia linanikereketa na nisipolitoa sitalala.

Ukimuuliza mtu yeyote hapa chuoni habari za simba wala watu atakuambia Tsavo, na hata asiyesoma historia ameshaiona ile sinema ya 1996, Val Kilmer na bunduki yake. (Simba wa kwenye sinema wana manyoya shingoni mpaka raha. Wale wa kweli walikuwa madume mawili yasiyo na manyoya kabisa, ndivyo madume mengi ya Tsavo yalivyo.) Sawa, stori ni tamu. Ila hebu tuiangalie kama watu wa historia, tuulize swali moja tu: waliokufa walikuwa wangapi, na nani aliwahesabu?

Mwaka 1898 Waingereza walikuwa wanajenga reli kutoka Mombasa kwenda Uganda, wakafika mto Tsavo wakaanza daraja. Kuanzia Machi mpaka Desemba simba wawili wakawa wanaingia kambini usiku, wanamburuta mtu kwenye hema, wanaondoka naye. Msimamizi wa daraja, J. H. Patterson, aliwaua wote wawili mwezi wa Desemba. Mwaka 1907 akatoa kitabu. Humo anataja vibarua 28 wa Kihindi, halafu anasema na Waafrika wengi ambao hakuna kumbukumbu rasmi iliyowekwa.

Someni hapo tena taratibu. Mhindi alikuwa na mkataba na jina kwenye daftari la reli, akifa anapungua kwenye hesabu ya mtu. Mtaita au Mkamba aliyekamatwa nje ya kijiji chake hakuwa kwenye daftari lolote. Baadaye Patterson huyohuyo akapandisha idadi mpaka 135. Ngozi za simba zake ziliuzwa kwa jumba la makumbusho la Field kule Chicago mwaka 1924, na ziko huko mpaka leo. Mwaka 2009 watafiti wakapima kemikali za kwenye mifupa na nywele za wale simba ili kujua walikula nini, wakakadiria watu kama 35 hivi. Kutoka 28 kwenda 135 kurudi 35! Na hao 35 ni walioliwa tu. Aliyeuawa akaachwa hapohapo mfupa wa simba hauwezi kumsema.

Sasa kwa nini walikula watu? Jibu la vijiweni ni jino bovu. Ni kweli mmoja alikuwa na jino la chonge lililovunjika na usaha kwenye taya, na simba mwenye maumivu ya namna hiyo hawezi kumkaba nyati. Lakini mwenzake hakuwa na shida kubwa kiasi hicho na bado alikula watu. Mimi naona jino ni nusu ya stori. Nusu nyingine ni sotoka.

Sotoka mliisoma kwenye historia ya ukoloni kama ugonjwa wa ng'ombe uliowafilisi Wamasai miaka ya 1890. Lakini ule ugonjwa haukuchagua, uliua na nyati na wanyama wengine wa kwato. Simba anatafuta mnyama mkubwa anayeshibisha familia, na nyati walipoisha akabaki na njaa. Wakati huohuo Tsavo ilikuwa njia ya misafara ya kwenda bara kufuata pembe na watumwa, na waliozidiwa waliachwa njiani. Halafu likaja kundi la vibarua wanaolala kwenye mahema ya kitambaa. Mwaka 2024 watafiti walichambua nywele zilizokwama kwenye meno ya wale simba wakakuta za twiga, pundamilia, choroa, kuro, nyumbu, na za binadamu. Maana yake binadamu alikuwa chakula kimojawapo kati ya vingi. Simba hakuwa shetani, alikula alichokipata.

Tuje nyumbani. Njombe, kuanzia miaka ya 1930 mpaka 1947, kundi la simba liliua watu wengi kuliko Tsavo mara nyingi. Mwindaji wa serikali George Rushby alikadiria mpaka 1,500. Hilo ni kadirio la mwindaji, lichukueni kwa tahadhari. Wenyeji walisema simba wametumwa na mganga Matamula Mangera aliyenyang'anywa cheo chake. Maelezo mengine yanataja sotoka tena: serikali ilipunguza wanyama pori kusini ili ugonjwa usivuke kwenda Rhodesia ya Kaskazini, na simba wakabaki bila mawindo. Mimi siwacheki waliosema mganga. Kama serikali inakuondolea wanyama porini halafu haikuambii simba atakula nini, utatafuta maelezo kwa wanaokujibu.

Kumbe huhitaji kwenda mbali hivyo. Rufiji, kati ya Agosti 2002 na Aprili 2004, simba mmoja aliua watu 35. Watu wakampa jina la Osama. Alipouawa alikutwa na jipu kubwa chini ya jino la gego, na alikuwa bado kijana, miaka mitatu na nusu hivi. Watu 35, sawa na makadirio ya Tsavo yote! Sinema iko wapi?

Mwaka 2005 Craig Packer na wenzake, wakiwemo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, walichapisha hesabu: tangu 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya Watanzania 563 na kujeruhi zaidi ya 308. Matukio mengi yalikuwa kusini na pwani, Rufiji, Lindi, Mtwara, na yalipanda msimu wa mavuno. Na mchawi wao hakuwa mganga, alikuwa nguruwe pori.

Iko hivi. Kwenye maeneo ya kilimo nyati na pundamilia wameshaondoka, nguruwe pori wamebaki kwa sababu wanapenda mahindi, mpunga na mihogo yetu. Ukanda ule wengi ni Waislamu, nguruwe haliwi, kwa hiyo hakuna anayemfuata kwa kitoweo. Anaongezeka. Usiku anaingia shambani, simba anamfuata nyuma. Na mkulima naye yuko hukohuko, amelala kwenye dungu analinda mazao ili nguruwe wasimmalize. Asipolinda, watoto hawatakula. Akilinda, yuko kwenye njia ya simba. Wengine walichukuliwa ndani ya vibanda vya nyasi, wengine wakienda chooni usiku.

Ndiyo maana hii biashara ya kumuona simba kama adui, au kumuona kama picha nzuri ya mtalii, zote mbili hazinitoshi. Pesa ya simba inaingia langoni Serengeti, msiba unaingia kwenye dungu la Rufiji.

Halafu kwa nyie mtakaopangiwa mazoezi ya kufundisha Lindi vijijini. Utafiti wa 2011 uliochambua mashambulizi ya zaidi ya miaka 20 ulikuta watu wanashambuliwa zaidi siku zinazofuata baada ya mwezi mpevu. Kwenye mbalamwezi simba anawinda kwa shida maana anaonekana, analala njaa. Siku zinazofuata mwezi unachelewa kuchomoza, giza linaingia mapema, na hayo masaa ya kati ya magharibi na saa nne usiku ndiyo nasi bado tuko njiani, tunatoka dukani, tunaenda kuoga mtoni. Mkiona mwezi umejaa, kesho yake ndoo zijazwe kabla ya jua kuzama.