Risasi nne za Bumbire

Kageye, kijiji kilicho kando ya ziwa huko Magu, mkoani Mwanza, ndiko Henry Morton Stanley alikofikia Februari 1875, akaunganisha vipande vya mashua yake na kuanza kulizunguka Ziwa Victoria. Tarehe 28 Aprili, akitokea Buganda, aligombana na watu wa kisiwa cha Bumbire, ambacho leo kiko Muleba. Walikuwa wamemnyang'anya makasia. Alipoponyoka na kuingia majini alishika bunduki yake ya tembo, iliyojazwa risasi za kulipuka. Kitabuni aliandika kwamba risasi nne ziliua watu watano na kuzamisha mitumbwi miwili.

Aliyefyatua ndiye aliyehesabu, na upande wa Bumbire haukuulizwa.

Risasi za namna hiyo zilikuwa zimeshapigwa marufuku. Mwaka 1868, mjini St Petersburg, mataifa yalikubaliana kutotumia risasi ya kulipuka iliyo chini ya gramu 400, lakini makubaliano hayo yaliwalinda wao kwa wao tu. Kwenye mkutano wa The Hague, mwaka 1899, Jenerali John Ardagh wa Uingereza aliitetea waziwazi dumdum, risasi inayopanuka mwilini: "mshenzi", alidai, hutobolewa na bado huja mbio.

Hofu ya mtu asiyeanguka ndiyo iliyoleta upimaji wa risasi za bastola. Huko Ufilipino Wamarekani walilalamika kwamba bastola zao za .38 haziwazuii wapiganaji wa Moro. Basi mwaka 1904 ofisa wa jeshi John Thompson na daktari Louis LaGarde wakawapiga risasi ng'ombe hai kwenye machinjio ya Chicago, na maiti za watu pia, wakapendekeza .45. Ng'ombe walikuwa wachache, huyu kapigwa mapafuni, yule matumboni. Mfugaji yeyote wa Usukumani angewacheka wapimaji hao.

Baadaye Martin Fackler, daktari mpasuaji aliyehudumu Vietnam, alitumia jeli iliyopozwa hadi nyuzi 4 za Selsiasi, akapima risasi imezama kiasi gani. FBI, iliyopoteza maofisa wawili Miami mwaka 1986, ikataka angalau inchi 12. Polisi wa Detroit, Evan Marshall, pamoja na Edwin Sanow, walirudi kwenye kuhesabu watu: wangapi wameanguka kwa risasi moja? Kitabu chao cha 1992 kilisomwa sana. Fackler alikishambulia vikali, na wakosoaji wakaonyesha kasoro kubwa ya kitabu hicho: waliohitaji risasi ya pili walikuwa wameondolewa kwenye hesabu.