Habari za Bustani za Mawe

Katika milima ya Alps, iliyoenea Uswisi, Austria, Ufaransa na Italia, iko nchi juu ya mpaka wa miti ambayo mgeni huidhani kuwa jangwa la mawe matupu. Theluji huifunika kwa miezi mingi ya mwaka, na upepo hauna kizuizi. Lakini akiinama ataona ya kuwa katika nyufa za majabali yamo maua madogo, ya buluu, ya njano na meupe, yaliyoshikamana na jiwe. Waliopanda Kilimanjaro au mlima Kenya wameona mambo ya namna hiyo. Huko iko mimea inayofunga majani yake usiku ili chipukizi lisiuawe na baridi. Kila mlima mrefu una wenyeji wake.

Hapa twataka kueleza jinsi watu wa Ulaya walivyojaribu kuwashusha wenyeji hao katika bustani zao, na kwa nini iliwachukua muda wa miaka kama mia mbili kulielewa vema fundisho la ufa wa jiwe.

Bustani ya mawe iliyo ya zamani kupita nyingi katika Ulaya ilijengwa London mwaka 1773, katika bustani ya wauza dawa ya Chelsea. Mawe yake mengine yalitoka katika ngome ya Tower of London, na mengine yalikuwa mawe meusi ya volkano aliyoyaleta Joseph Banks kutoka Iceland mwaka 1772. Bustani hiyo ingalipo hata leo. Basi baadaye matajiri wengi walianza kukusanya mawe na kuyarundika. Walifanya vilima vidogo vya udongo, wakachomeka mawe juu yake, na katikati wakapanda mimea iliyong'olewa milimani kwa mizizi.

Mingi ilikufa. Wenye bustani walidhani imekosa chakula, wakaongeza samadi. Walidhani ina kiu, wakaongeza maji. Nayo ikazidi kufa. Maana mmea wa milimani hauogopi baridi. Huko kwao theluji huufunika wakati wote wa kipupwe kama blanketi, nao hulala mkavu chini yake. Mabondeni hakuna blanketi hilo, ila mvua baridi inayotuama shinani na kuliozesha. Tena udongo wenye rutuba huufanya mmea kuwa mrefu na laini, usio na nguvu ya kustahimili. Kumbe wema wao ndio uliokuwa sumu.

Mtu mmoja aliyelichungua jambo hili kwa elimu alikuwa Anton Kerner, mwalimu wa elimu ya mimea huko Innsbruck katika Austria. Mwaka 1864 alitoa kitabu juu ya ukuzaji wa mimea ya Alps. Yeye hakuanza na kuuliza mmea wapendezwa na nini bustanini. Aliuliza kwanza waishi namna gani kwao.

Wakati ule mimea mingi ilikuwa ikichimbwa milimani ili kuuzwa, na mahali pengine palianza kubaki patupu. Henri Correvon, mkulima wa bustani wa Uswisi, aliona hatari hiyo. Mwaka 1883 alishiriki kuanzisha chama cha kuilinda mimea huko Geneva. Hakutosheka na kuwakataza watu, kwa kuwa alijua ya kuwa mtu apendaye ua atalitafuta kwa njia yo yote. Aliwaonyesha njia nyingine, yaani kuzalisha mimea kwa mbegu katika bustani, ili anunuaye apate mche uliozaliwa bondeni, na mama yake abaki mlimani. Mwaka 1889 bustani iitwayo La Linnaea ilianzishwa Bourg-Saint-Pierre, katika njia iendayo mlima wa Great St Bernard.

Katika Uingereza aliyewasha moto wa mapenzi haya ni Reginald Farrer, aliyezaliwa mwaka 1880. Vitabu vyake, kimoja cha mwaka 1907 na kingine kikubwa cha mwaka 1919, viliwadhihaki waliorundika mawe ovyo bila kufuata desturi ya mlima. Husimuliwa ya kuwa aliwahi kutia mbegu katika bunduki na kuzipiga kwenye jabali karibu na nyumba yake, ili ziingie nyufani zenyewe. Mwaka 1914 alisafiri hata China kutafuta mimea, akafa katika milima ya Burma mwaka 1920, akiwa bado katika kazi hiyo.

Lakini waliolifuata fundisho la ufa hata mwisho ni wakulima wa bustani wa nchi ya Wacheki, hasa tangu miaka ya 1980. Mmoja wao aliyejulikana sana ni Zdeněk Zvolánek. Wao huchukua mawe bapa, huyasimamisha kwa ubavu, moja karibu na mwenzake, yote yakielekea upande mmoja kama kurasa za kitabu kilichosimama. Sehemu kubwa ya kila jiwe huzikwa. Nafasi za katikati, zenye upana wa vidole viwili au vitatu tu, hujazwa mchanga na changarawe. Mvua ikinyesha, maji hushuka upesi na kuliacha shina kavu. Chini, jiwe huzuia unyevu usikauke na jua, na mizizi huufuata huko kwenye ubaridi. Juu ukavu, chini unyevu: hiyo ndiyo siri yote.

Kuzalisha nako kwahitaji saburi. Mbegu nyingi za mimea hii hazioti mpaka zimepitiwa na baridi. Kwa hiyo hupandwa katika vyungu vyenye udongo wa changarawe, hufunikwa kwa kokoto ndogo, nazo huachwa nje kipupwe kizima. Nyingine huota baada ya mwaka wa pili. Mimea yenye majani yaliyopangika duara huweza kugawanywa, na vitawi vyake huota mizizi katika mchanga. Mche hutiwa ufani ungali mdogo, maana mkubwa hauingii bila kuvunjwa mizizi.

Je, kazi hii ni mchezo wa wenye nafasi tu? Sivyo. Wataalamu waliochungua vilele 302 vya milima ya Ulaya walieleza mwaka 2018 ya kuwa, kwa sababu ya joto la dunia kuongezeka, mimea ya chini inapanda juu kwa haraka. Wenyeji wa kileleni hawana mlima mwingine juu yao wa kukimbilia. Bustani haiwezi kuwa badala ya mlima. Lakini ajuaye kuotesha mbegu zao ameshika akiba ambayo mchimba mizizi hakuwa nayo.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Na ua dogo unaloliona limetulia katika ufa wa jiwe bustanini, usidhani limejiotea. Watu wengi walikosea kabla yake, wakilipa mgeni chakula chao wenyewe, mpaka walipokubali kumwuliza kwao hula nini.