Jyotirmath: Mji wa Nuru na Nyufa Zake



Katika maadhimisho kama haya ni desturi yetu kuhesabu miaka, kuwakumbuka waasisi na kuwashukuru wafadhili. Safari hii tunaomba ruhusa ya kuwapeleka mbali kidogo, hadi mji wa Jyotirmath, ambao wengi bado huuita Joshimath, katika milima ya Himalaya kaskazini mwa India. Tuliupitia tukiwa mahujaji wa kwenda Badrinath, na tulirejea na somo ambalo hatukulitarajia.

Mji huu umekaa ubavuni mwa mlima, karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Chini yake, mahali paitwapo Vishnuprayag, mto Dhauliganga unaingia katika mto Alaknanda kwa kishindo. Barabara itokayo Rishikesh ni ya kilomita 250 hivi, lakini kwa kona zake huchukua siku nzima. Sisi watu wa pwani tulifika jioni tukitetemeka kwa baridi, na chai ya tangawizi tuliyopewa hapo hatujaisahau.

Inasimuliwa kwamba wafalme wa Katyuri waliwahi kuweka makao yao hapa. Hata hivyo, jina la mji limetokana na mwanafalsafa Adi Shankara. Kwa mujibu wa mapokeo, katika karne ya 8 alikaa katika tafakuri chini ya mforsadi na hapo akapata nuru, ambayo kwa Kisanskriti ni jyoti. Akaweka vituo vinne vya elimu katika pembe nne za India: Sringeri kusini, Puri mashariki, Dwarka magharibi na Jyotirmath kaskazini. Wazee wetu waliovuka bahari kutoka Kutch na Kathiawad waliijua Dwarka kama nyumba ya jirani. Jyotirmath ilikuwa kwao jina la mbali, ilhali ni ndugu wa damu moja. Kiti cha mkuu wa kituo hiki kilikaa wazi kwa takriban miaka 165, hadi Swami Brahmananda Saraswati alipokikalia mwaka 1941. Hata taasisi takatifu, basi, huweza kulala usingizi mrefu na kuamshwa tena.

Hekalu kuu la mji ni la Narasimha, yaani Bwana Vishnu katika umbo la nusu mtu na nusu simba. Badrinath, iliyoko juu zaidi, hufungwa kwa theluji kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na katika miezi hiyo kiti cha Shankaracharya huteremshwa hapa na ibada kuendelea. Wenyeji husimulia kwamba mkono wa kushoto wa sanamu ya Narasimha unazidi kuwa mwembamba mwaka hadi mwaka. Siku utakapokatika, milima miwili itakutana, njia ya Badrinath itazibwa, na ibada itahamia Bhavishya Badri, maana yake Badri ya siku zijazo. Tuliposikia masimulizi hayo mara ya kwanza tuliyachukua kama hadithi ya kale tu.

Mila za eneo hili zina uhai. Hadi mwaka 1962 wafanyabiashara wa milimani walivuka na misafara ya chumvi na sufu baina ya hapa na Tibet, ndipo vita vikafunga mpaka. Katika kijiji cha Saloor-Dungra, kila mwisho wa Aprili, huchezwa Ramman: ngoma, vinyago na simulizi za Rama kwa heshima ya Bhumiyal, mungu mlinzi wa kijiji, ambaye kwa mwaka mzima hukaa katika nyumba ya familia moja iliyoteuliwa. UNESCO iliitambua sherehe hiyo mwaka 2009.

Juu ya mji iko miteremko ya Auli, ambako watu huvaa mbao miguuni na kuteleza juu ya theluji. Januari 2011 michezo ya majira ya baridi ya Asia Kusini ilifanyika huko. Tulipopanda, theluji ilikwisha yeyuka, lakini mlima Nanda Devi, wenye mita 7,816, ulisimama mbele yetu mweupe kabisa. Zamani wageni walipanda kwa vibehewa vinavyoning'inia kwenye waya; sisi tulikwenda kwa gari, kwa maana safari zile zilisimamishwa Januari 2023. Sababu yake ndiyo kiini cha makala haya.

Mwezi huo mji ulipasuka. Nyufa zilionekana katika majengo zaidi ya 800, mamia ya familia wakahamishwa, na hekalu dogo katika mtaa wa Singhdhar likaporomoka. Picha za satelaiti zilionyesha kwamba ardhi ilishuka sentimita 5.4 kwa siku 12.

Wala haikuwa bila onyo. Mwaka 1976 kamati ya watu 18 chini ya M. C. Mishra, kamishna wa Garhwal, ilieleza wazi kwamba mji haukujengwa juu ya mwamba, bali juu ya mchanga na mawe ya maporomoko ya kale. Ikashauri majengo mazito yasijengwe kabla ya kupima ardhi, mawe yasilipuliwe, miti isikatwe, na maji yawekewe mifereji. Miaka miwili kabla ya hapo, katika kijiji jirani cha Reni, Gaura Devi na wanawake wenzake walijiweka kati ya miti na wakataji. Ushauri ukabaki kwenye karatasi. Hoteli za ghorofa zikaongezeka, na handaki la umeme likachimbwa. Wakazi wengi hulilaumu handaki hilo, na wenye mradi hukana.

Tulimwona mama mmoja ambaye nyumba yake imepigwa alama nyekundu ya hatari. Alitueleza kwamba hulala kwa jamaa zake, lakini kila alfajiri hurudi kuwasha taa mbele ya madhabahu ya nyumbani. Hatukuwa na la kumjibu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa tunaelewa kwamba simulizi ya mkono wa Narasimha ni mwito wa kukiangalia kinachopungua kabla hakijakatika. Utakatifu wa mahali haumwondolei mtu wajibu wa kutunza udongo unaopabeba.

Basi, katika sikukuu hii, pamoja na kupaka rangi kuta za hekalu letu, tuitazame misingi yake, tuzibue mifereji inayomwaga maji kwa majirani, na tuutunze mti uliopandwa uani na waliotutangulia. Mungu aibariki Jyotirmath na watu wake, na atubariki sisi sote.