Jeni ya selimundu huhatarisha jicho lililoumia

PIGO la jiwe, fimbo au mpira huweza kumpofusha kwa urahisi zaidi mtu aliyerithi jeni ya selimundu, hata kama hajawahi kuugua maradhi hayo. Hatari hii inazihusu hasa kaunti za Homa Bay na Migori, kando ya Ziwa Victoria, ambako jeni hiyo imeenea.

Kuenea huko kuna chanzo chake. Mwaka wa 1949, mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alibaini kwamba jeni hiyo ilipatikana kwa wingi pwani na karibu na ziwa, lakini ilikuwa adimu katika nyanda za juu. Mnamo 1954 alichapisha ushahidi kwamba aliyerithi jeni moja hupata kinga kiasi dhidi ya malaria. Anayerithi mbili, moja kwa kila mzazi, huugua selimundu.

Jicho linapogongwa, damu huweza kuvujia sehemu ya mbele, nyuma ya konea. Kwa kawaida seli nyekundu, kwa kuwa ni laini, hupenya na kutoka kupitia vitundu vinavyopitisha maji ya jicho. Kwa mwenye jeni hii, uhaba wa oksijeni katika maji hayo huzifanya seli kuwa ngumu na kupinda mithili ya mundu. Vitundu huziba, nayo presha ya jicho hupanda.

Presha hiyo huinyima damu neva ya jicho, yenye nyuzi zaidi ya milioni moja zinazopeleka picha kwenye ubongo. Seli zake zikifa, hazioti tena. Presha ya kawaida ni milimita 10 hadi 21 za zebaki. Wengine huvumilia ongezeko kubwa kwa siku kadhaa. Kwa mwenye jeni hii, madaktari hufikiria upasuaji ikizidi 24 kwa muda wa saa 24.

Isitoshe, asetazolamidi, dawa ya kushusha presha ya jicho, huweza kuchochea seli kupinda. Ndiyo maana ni muhimu damu ipimwe mapema.

Majeruhi asikandamize jicho wala kumeza aspirini. Akae kichwa kikiwa kimeinuliwa, afike hospitalini siku iyo hiyo na kumweleza daktari iwapo ukoo wake una selimundu. Arudi pia kukaguliwa, kwani damu huweza kuvuja upya katika siku 5 za kwanza.