Duara na Mraba katika Historia ya Uandishi wa Programu

Mwaka 1963 Ivan Sutherland, katika tasnifu yake ya udaktari huko MIT, Marekani, alieleza programu ya Sketchpad, ambayo mtumiaji wake alichora maumbo kwa kalamu ya nuru kwenye skrini, na ambayo ilitofautisha mchoro mama na nakala zake, kiasi kwamba mchoro mama ulipobadilishwa nakala zote zilibadilika nao.

Huko Oslo, Norwei, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walifikia wazo lililokaribiana na hilo kwa njia nyingine, yaani uigaji wa mifumo kama vile foleni, na lugha yao ya Simula 67 ikaleta klasi, ambayo ni kielelezo kinachounganisha sifa za kitu na kazi zake: klasi ya duara hutunza kitovu na nusukipenyo pamoja na kanuni ya kukokotoa eneo. Jambo lenye uzito zaidi, bila shaka, lilikuwa urithi, ambapo duara na mstatili hutokana na klasi moja ya umbo, ingawa kila moja hukokotoa eneo lake kwa kanuni yake.

Urithi huo ulizaa swali gumu, yaani iwapo klasi ya mraba itokane na klasi ya mstatili, ambalo hotuba ya mwanasayansi wa kompyuta Barbara Liskov ya mwaka 1987 ilisaidia kulifafanua, kwa kuwa mraba, ambao katika jiometria ni mstatili kamili, hukoma kuwa mraba pale programu inaporuhusu upana wake ubadilishwe peke yake.