Tokeni ya Makala ni Stakabadhi, si Hatimiliki

Neno tokeni lina kazi yake tayari mjini Nakuru. Kuanzia Kaptembwa hadi Lanet, anayesema amenunua tokeni amenunua stima: amelipa kwa simu, akatumiwa tarakimu 20, akazibonyeza kwenye mita. Tarakimu hizo zimefumbwa kwa ajili ya mita moja tu, hukubaliwa mara moja, na zikishaingia hazifai tena. Sasa vijana wanaoandika mtandaoni wanaambiwa kwamba wanaweza kuchapisha makala yao kama tokeni katika blokucheni na kuyauza, na anayeanza huingia na mita kichwani. Tokeni ya makala haitumiki ikaisha. Hukaa, huonekana na kila mtu, na huweza kupita kutoka kwa mwenyewe wa kwanza hadi wa pili na wa tatu. Ndiyo maana anayemfafanulia mgeni hutafuta neno jingine, na linalomjia upesi ni hatimiliki ya kidijitali. Neno hilo ni zuri masikioni na ni baya kwa mwandishi, kwa sababu linamwahidi mnunuzi kitu ambacho tokeni haina.

Tuanze na kinachotendeka hasa. Blokucheni ni leja inayotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, na kila fungu la kumbukumbu hufungamanishwa kwa hesabu na fungu lililotangulia, hata mtu hawezi kufuta la zamani kimyakimya. (Naandika blokucheni kwa kuwa “mnyororo wa vizuizi”, tafsiri inayozunguka mtandaoni, inampeleka msomaji kwenye vizuizi vya barabarani.) Ethereum, iliyoanza kazi mwaka 2015, ndiyo leja iliyobeba majaribio mengi ya aina hii, na kanuni yake ya ERC-721, iliyopendekezwa mwaka 2018, huipa kila tokeni namba ya peke yake ili isichukuliwe kuwa sawa na nyingine kama zilivyo shilingi mbili. Mwandishi hufungua pochi yenye anwani ya wazi na ufunguo wa siri, hutia saini kwa ufunguo huo, hulipa ada ya mtandao, na tokeni inaandikishwa. Lakini kinachoingia kwenye leja kwa kawaida si makala yenyewe, kwa kuwa kuhifadhi maneno mengi humo ni ghali. Huingia namba ya tokeni, anwani ya mwenye nayo na kiungo cha mahali makala yalipo, mara nyingi pamoja na alama iliyokokotolewa kutoka kwenye maandishi yenyewe. Ukibadilisha hata mkato mmoja, alama yote inakuwa nyingine. Makala yanakaa kwingine. Hifadhi hiyo ikifungwa na nakala zisiwepo, leja itaendelea kuelekeza mahali patupu.

Basi leja inathibitisha nini? Inathibitisha kwamba siku fulani, mwenye ufunguo fulani aliandikisha maandishi haya hasa. Hilo si dogo kwa mwandishi anayeibiwa kazi kila wiki. Hata hivyo haithibitishi nani aliyeyatunga: mwizi aliyenakili makala ya mwenzake na kuwahi kuyaandikisha ataonekana kwenye leja kuwa wa kwanza. Wala haihamishi haki ya kuyachapa upya. Machi 2021 Kevin Roose, mwandishi wa New York Times, aliigeuza safu yake kuwa tokeni na kuipiga mnada. Ilichukuliwa kwa zaidi ya dola 500,000, fedha zikaenda kwa hisani. Safu yenyewe ilieleza wazi kwamba mnunuzi hapati hakimiliki ya makala wala haki ya kuyatoa tena. Alinunua namba kwenye leja, na watu wengine wote wakaendelea kuyasoma makala yaleyale.

Watu wa Nakuru wana sababu ya pekee ya kutochezea neno hatimiliki. Baada ya uhuru, mashamba mengi ya walowezi katika iliyokuwa wilaya ya Nakuru yalinunuliwa na kampuni na vyama vya wanahisa, Ngwataniro na Ndeffo vikiwa miongoni mwa vilivyojulikana sana. Mwanachama alitoa fedha zake akapewa cheti cha hisa. Cheti kilikuwa cha kweli, jina lake lilikuwa kwenye daftari la kampuni, na kiliweza hata kuuzwa. Lakini mpaka ardhi ipimwe na msajili atoe hati, cheti hicho hakikuwa hatimiliki, na kuna familia zilizokaa nacho miaka mingi zikingoja. Tofauti kati ya karatasi inayoonyesha ulitoa fedha na karatasi ambayo sheria inaitambua imegharimu watu hapa mashamba na amani. Kumwita mnunuzi wa tokeni mwenye hatimiliki ni kuifuta tofauti hiyo.

Napendekeza stakabadhi: tokeni ya makala ni stakabadhi ya chapisho. Neno hili ni ndugu wa kukabidhi, na maana yake ya msingi ni hati ya kuthibitisha kwamba kitu kimepokewa. Atakayepinga atasema kwamba stakabadhi haiuzwi, ni kama risiti ya dukani inayotupwa mlangoni. Mkulima wa mahindi wa Bonde la Ufa anaweza kumjibu. Kenya ilipitisha Sheria ya Mfumo wa Stakabadhi za Ghala mwaka 2019, na Tanzania ilikuwa na yake tangu 2005. Chini ya mfumo huo, anayeweka nafaka kwenye ghala lililosajiliwa hupewa stakabadhi anayoweza kuiuza au kuiweka rehani benki bila gunia kusogezwa. Inahama, ina thamani, na bado ni stakabadhi. Tofauti ni kwamba mwenye stakabadhi ya ghala anaweza kudai mahindi, na mwenye tokeni ya makala anadai tu kile ambacho masharti ya mauzo yametaja.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba serikali ya Kenya yenyewe imeitambua tokeni kuwa mali. Ni kweli: Sheria ya Fedha ya 2023 iliitaja tokeni ya aina hii miongoni mwa mali za kidijitali na kutoza asilimia 3 ya thamani inapohamishwa, kodi iliyofutwa mwaka 2025. Lakini kutozwa kodi kunaonyesha tokeni ina bei, hakuonyeshi kwamba imebeba haki zote za makala. Haki hizo zinatawaliwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2001, inayosema kwamba kuhamisha hakimiliki hakuna nguvu bila maandishi yaliyotiwa saini na anayehamisha au kwa niaba yake. Kubofya tu “nunua” hakutoshi.

Kwa hiyo, mwandishi wa Njoro, Gilgil au Naivasha unayetaka kujaribu, andika chini ya makala yako kwa Kiswahili wazi kile ambacho mnunuzi anapata na kile kinachobaki chako. Weka nakala yako nje ya mtandao, na ufunguo wa siri usimpe mtu. Hakimiliki yako huanza mara unapoyaandika makala, uwe na tokeni au usiwe nayo. Na ukitaka ushahidi wa serikali, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya husajili kazi za waandishi.