Fuso, usukani wa kulia na barua zisizofika Goma

Tarehe 10 Januari 2002, mjini Yokohama, Japani, gurudumu la lori la Mitsubishi lilichomoka likiwa njiani na kumgonga mama aliyekuwa akitembea kando ya barabara na wanawe wawili. Mama alikufa, watoto wakajeruhiwa. Siku saba baadaye, tarehe 17, volkano ya Nyiragongo ililipuka. Lava ilipita katikati ya mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, na ilipopoa ikatuachia barabara za mawe makali ambazo springi na shokapu za mji huu zimezilipia kwa miaka mingi.

Yokohama na Goma ziko mbali, lakini malori ni ya ukoo mmoja. Makaa na maharagwe ya Masisi, viazi na ndizi za Rutshuru, vyote huteremka mjini juu ya Fuso, malori ya Mitsubishi, na juu ya magunia hukaa watu. Kwa hiyo kesi ya lile gurudumu inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Kwanza kampuni ilisema kosa ni la mwenye lori: hakulitunza. Kila mtu aliyewahi kurudisha gari bovu kwa aliyemuuzia anaijua lugha hiyo. Ila Mitsubishi haikuwa na sifa ya kuaminiwa. Mwaka 2000, baada ya mtu asiyejitaja kuitonya wizara ya uchukuzi, ilibainika kwamba tangu 1977 kampuni ilikuwa ikificha malalamiko ya wateja, na sehemu ya nyaraka za malalamiko hayo ilikutwa kwenye makabati ya chumba cha kubadilishia nguo. Miaka zaidi ya 20 ya watu kusema breki hazishiki, klachi imeachia, mafuta yanavuja, na karatasi zao zinalala pembeni ya ovaroli. Mwaka 2004 Mitsubishi Fuso ilikiri kwamba habu za magurudumu zilikuwa dhaifu tangu kiwandani, ikayaita malori zaidi ya 100,000 yarekebishwe. Wakubwa kadhaa walikamatwa.

Kuita magari namna hiyo ni utaratibu ambao Japani iliuanza mwaka 1969, miaka michache baada ya Ralph Nader kuitikisa Marekani kwa kitabu chake cha 1965 juu ya magari yasiyo salama. Kasoro ikithibitishwa, barua hutumwa kwa kila mwenye gari aliye kwenye daftari la usajili, na kifaa hubadilishwa bure. Utamu wake unaishia hapo kwenye daftari. Gari likifutiwa usajili ili liuzwe nje, barua haina tena pa kwenda.

Na Wajapani huuza mapema. Gari jipya hukaguliwa likifikisha miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, kwa gharama inayopanda kadiri linavyozeeka; wengi huona nafuu kuliachia. Hapo huanza safari ya kwenda Mombasa au Dar es Salaam, mara nyingine kwa kupitia Dubai, halafu Uganda au Rwanda, hadi Goma. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilihesabu magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliyouzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018. Asilimia 40 yaliingia Afrika.

Ubovu wa kwanza wa magari hayo huku kwetu hauhitaji fundi kuuona. Wabelgiji walituachia kuendesha upande wa kulia. Japani, kama Uganda, Kenya na Tanzania, huendesha kushoto. Dereva wa Goma mwenye usukani wa kulia anakaa ukingoni mwa barabara, na akitaka kulipita lori hana budi kutoa pua yote ya gari nje, au amuulize abiria wa kushoto kama njia ni nyeupe. Taa zake zilitegwa kumulika ukingo wa kushoto, ambako huku ndiko anakotokea mwenzake, kwa hiyo usiku anampofusha. Mlango wa Hiace nao uko kushoto: mama mwenye mtoto mgongoni anateremkia katikati ya barabara, kwenye pikipiki.

Rwanda ilizuia kuingiza magari ya usukani wa kulia mwaka 2005. Kinshasa ilitangaza marufuku yake mwaka 2007. Kiufundi sina ubishi nayo. Lakini gari la usukani wa kushoto kutoka Ubelgiji hushukia bandari ya Matadi, magharibi, na kutoka huko hadi Kivu hakuna barabara moja inayopitika. Mashariki hununua linakotokea gari, nako ni Bahari ya Hindi. Wengine huhamishia usukani kushoto: dashibodi inakatwa, vyuma vinaungwa kwa kuchomelea, na mfuko wa hewa wa dereva mara nyingi haurudi mahali pake.

Pengine bora usirudi. Tangu 2008 mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ilisababisha magari kuitwa kwa wingi usiowahi kuonekana, vilipuzi takriban milioni 100 duniani, kwa sababu nitrati ya amonia iliyomo huharibika kwa joto na unyevu wa miaka, kisha hupasuka na kurusha vipande vya chuma. Corolla, RAV4 na Vitz zimo. Takata ilifilisika Juni 2017. Huku, taa ya mfuko wa hewa ikiwaka kwenye dashibodi, fundi anachomoa balbu, mteja anaondoka ameridhika.

Anayetaka kujua afungue boneti atafute nambari ya chesisi. Watengenezaji wa Japani huruhusu mtu yeyote kuiandika kwenye tovuti zao aone kama gari liliwahi kuitwa. Maelezo mengi ni ya Kijapani, tarakimu ni zilezile. Jibu likiwa ndiyo, kifaa ambacho Yokohama kingebadilishwa bure hutafutwa Kampala au Dubai kwa dola, na mara nyingi kinachopatikana kimefunguliwa kutoka gari jingine la mwaka uleule.